Mtori wa Chasaka

Bi Clotilde alifungua kikopo kidogo, akachota unga wa kijani uliofifia kwa ncha ya kijiko, akaunyunyiza juu ya bakuli langu. "Koroga," akasema. Nikakoroga. Ule mchuzi mzito wa kahawia, wenye kamba na vipande vya soseji, ukaanza kuvutika. Nilipoinua kijiko, uzi mrefu uliinuka nacho, ukaning'inia hewani, ukakatika taratibu na kurudi bakulini. Nikaweka kijiko chini. Wenzangu mezani walidhani chakula kimenishinda, na mmoja akanisogezea mkate kwa huruma.

Nilikuwa nimekwenda Louisiana, kusini mwa Marekani, kusoma mada ya isimu mbele ya wasomi wenzangu. Mada yangu ilikuwa na maneno mengi kwenye kichwa chake kuliko watu kwenye viti. Bi Clotilde, mwanamke wa umri wangu mwenye sauti ya kuitia mbuzi, alikuwa mmoja wa wale wachache waliokaa hadi mwisho. Aliniona natoka nimenywea, akanichukua nyumbani kwake na wageni wengine wawili kutulisha gumbo, mchuzi wa kwao.

Huku anapakua alitupa historia yake. Wakreoli wa mjini, alisema, ni watu wa damu nyingi zilizokutana, Waafrika, Wafaransa, Wahispania. Wakejani ni wakulima wa Kifaransa ambao Waingereza waliwafukuza Kanada wakaishia kwenye vinamasi. Wote wanapika gumbo na kila mmoja anasema mwenzake hajui. Unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta mpaka uwe rangi ya udongo ni wa Kifaransa. Bamia ililetwa na watumwa, na jina lenyewe la gumbo, wanasema, ndilo jina la bamia katika lugha za kwetu kwetu, upande wa Angola. Bamia ikiisha msimu, wanatia unga huu wa majani makavu, waliofundishwa na wenyeji waliokuwepo kabla ya wote. Watu wa mjini hutia na nyanya, na watu wa vinamasini wakisikia hivyo wanashika vichwa.

"Hata hilo neno Kejani," alisema, "bibi yangu aliitwa hivyo shuleni akarudi nyumbani analia. Leo limeandikwa kwa taa za rangi juu ya mlango wa kila mgahawa."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Pua ilikuwa imeshaondoka. Unga ule ulinukia majani yaliyokauka, vumbi kidogo, na kitu kama chai iliyosahaulika kwenye kopo. Ilikuwa harufu ya kabati la mama yangu, na mama yangu alikuwa hajamaliza mwaka tangu tumzike.

Nilikulia bondeni, kusini mwa Moshi, kwenye shamba la miwa. Baba alikuwa fundi wa boila kiwandani. Tuliishi kambini, kwenye nyumba zilizopangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, na mlima ukituangalia kwa mbali kama tajiri anayeangalia foleni. Miwa ilipochomwa kabla ya kukatwa, masizi marefu meusi yalielea na kutua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya ugali, juu ya vichwa vyetu. Hewa ilinuka sukari iliyoungua mchana kutwa. Sukari yenyewe haikuwepo. Tulikuwa tumeegemea ukuta wa kiwanda cha sukari, na bado mama zetu walipanga foleni dukani kusubiri kilo moja, na mara nyingi walirudi na kiberiti.

Watu wa kambi walitoka kila pembe ya nchi, na kila chumba kilikuja na chungu chake. Jioni ungeweza kupita mstari mzima umefumba macho na bado ukajua umefika mlango wa nani. Dagaa walikuwa kwa Mama Petro, jirani yetu wa kushoto, aliyetoka Kigoma. Kwetu ilikuwa mlenda.

Mama alikuwa Mgogo. Baba, Mchagga wa Uru, alikutana naye Dodoma alikokuwa anajifunza ufundi, akamleta bondeni kabla ya kumfikisha mlimani, na nadhani mpangilio huo peke yake ulikuwa kosa. Mama alikuja na sanduku moja, na ndani yake alikuwa na unga wa mlenda, majani ya porini yaliyoanikwa yakatwangwa. Ulipokwisha, dada yake alimtumia mwingine kwa mtu yeyote aliyesafiri kuja upande wetu. Aliuhifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, juu kabisa ya kabati, mahali ambapo familia nyingine waliweka cheti cha ndoa. Wakati wa njaa, tulipokula ugali wa unga wa njano uliokuja kwa meli kutoka Marekani, Mama alichota kijiko kimoja, akatia magadi na karanga zilizotwangwa, akapekecha, na chakula kikashuka. Ugali wa njano, mlenda wa kijani, na masizi meusi juu yake. Ilikosekana bluu tu tupate bendera.

Redioni tuliambiwa kila siku kwamba sisi ni taifa moja na ukabila umekwisha. Jikoni habari hizo zilikuwa hazijafika.

Kambini Mama aliitwa Mama Manka, kwa sababu Manka ni mimi. Baba alimwita hivyo, Mama Petro alimwita hivyo, hata mwenye duka alipomwambia sukari hakuna alimwambia kwa jina langu. Niliona ni sawa kabisa. Sikuwahi kufikiri kwamba Mama alikuwa na jina kabla sijazaliwa na kumpa langu. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemwita waziwazi jina lisilopitia kwangu, naye alikuwa Bibi, mama yake Baba.

Kila likizo Baba alinipandisha Uru. Kule juu kila kitu kilikuwa kinyume cha kwetu. Baridi, giza la kijani chini ya migomba, sauti ya maji kwenye mfereji, moshi uliolala ndani ya nyumba pamoja na ng'ombe. Bibi alikuwa mwembamba na mrefu, na alisimama wima kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Alinipokea kwa maswali yale yale, kwa Kiswahili chake kilichokatwa vipande, kwa kuwa mimi Kichagga sikukijua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chasaka hajambo?"

"Hajambo, Bibi. Anakusalimu."

"Anakulisha nini huyo chasaka? Mbona shingo imekuwa ya kuku?"

"Mlenda, Bibi."

"Mae! Kamasi za miti!"

Wasomaji wangu wa mlimani wameshacheka. Kwa ajili ya wengine niseme kwamba chasaka ni mtu wa porini, mtu wa huko chini kwenye nyika, yeyote yule ambaye hakuzaliwa Uchagani. Linaweza kusemwa kwa utani. Bibi hakuwa anatania. Lakini mimi nilikuwa na hesabu zangu. Watu wote walimwita Mama kwa jina langu. Bibi peke yake alikuwa amemtafutia jina la kwake mwenyewe. Baba naye, akidhani sisikii, alikuwa akimwita Mama "mchumba". Basi nikaliweka Chasaka kwenye fungu hilo hilo, la majina ya mapenzi, ya ndani, ambayo mtoto hayarudii hovyo. Nilimwonea Mama fahari. Nilijua kwamba Bibi anampenda kwa siri.

Jinsi jina lilivyopatikana Baba alinisimulia nikiwa mtu mzima. Mara ya kwanza, na ya pekee kwa miaka mingi, Mama alipopandishwa Uru kutambulishwa, wazee wa ukoo walialikwa, na Bibi akamwambia bibi harusi apike mtori. Mtori si kazi kubwa: ndizi na nyama zinachemshwa pamoja, zinapondwa, zinapekechwa mpaka ziwe laini. Mama alichukua kisu akaingia kihambani, kwenye migomba. Kwao ndizi ilikuwa kitu cha njano kinachouzwa stesheni kupitia dirisha la treni. Alikata mkungu uliokuwa karibu na mlango, ambao ulikuwa mnene na unapendeza, akaupika kwa uangalifu wote. Zilikuwa ndizi za kutengenezea pombe ya mbege. Baba alisema wazee walikaa na mtori mdomoni, hawajui wameze au wafanyeje, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka nje. Mama alishuka kesho yake. Bibi hakumwita tena, naye hakujialika.

Sasa, mlimani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na mzazi ana mambo yake. Anakaa ndani, hagusi jembe, anakula mtori na maziwa mpaka anang'aa, na anayemletea mtori huo ni mama mkwe. Hapo ndipo majirani wanapopima mambo. Mwanamke ambaye mama mkwe wake hakumletea mtori anaweza kuwa na cheti cha kanisa na cha serikali, bado hajaolewa sawasawa. Nilipozaliwa mimi, Bibi hakushuka. Mama alikula uji wa mtama na mlenda, akasimama, akaendelea.

Nilikuwa Uru, kwenye likizo ya kuchuma kahawa, Baba alipokuja kuleta habari ya mdogo wangu. Alitukuta shambani. Alivaa nguo za kazi, na hakusalimia vizuri.

"Amejifungua, Mama. Wa kiume."

"Mungu asifiwe," Bibi alisema, mikono ikiendelea kuchuma.

"Damu imemtoka nyingi. Hasimami."

"Ana ndugu zake."

"Ndugu zake wako Dodoma. Hapa ana mimi, na mimi nina wewe." Baba alivua kofia yake akaikunja. "Safari ile nilinyamaza. Safari hii usiposhuka, Mama, nami sipandi tena."

Bibi alichuma mpaka tawi likaisha. Wanawake wa shamba la jirani walikuwa wameacha kuongea ili wasikie vizuri. Ndipo akavua kikapu kiunoni, akaenda kihambani, akarudi na mkungu wa mshare, ndizi zile zenyewe za mtori, mkungu ambao alikuwa akiutunza kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa mtu.

"Nashuka kwa ajili ya mtoto," alisema. "Si kwa ajili ya chasaka."

Nilisikia nilichotaka kusikia. Bibi na Chasaka wake wanakwenda kuonana. Niliruka ruka mpaka nikamwaga kahawa.

Tulishuka kwa miguu hadi mjini, kisha kwa lori la shamba, Bibi amekaa mbele na dereva, kibuyu cha maziwa mapajani na nyama imefungwa kwenye jani. Kadiri tulivyoteremka ndivyo alivyozidi kujifuta uso, na alipoona nyika wazi, bila mgomba hata mmoja, akaguna kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Lori lilipofika kambini alikataa kusaidiwa. Alijitwika mkungu, akaanza kutembea kando ya nyumba, wima, huku wanawake wamesimama milangoni. Wote walijua mama mkwe wa Mama Manka ni nani, na wote walijua hajawahi kuja.

Mimi sikuweza kuvumilia. Nilimpita nikakimbia mbele, na lile jina nililolihifadhi kwa adabu muda wote huo likanitoka kwa nguvu zote za mapafu yangu:

"Chasaka! Chasaka weee! Bibi amekuja kukuona!"

Mama Petro alikuwa anasugua sufuria. Mkono ukasimama. Wageni wote wa bondeni walilijua neno lile; lilikuwa Kichagga cha kwanza walichofundishwa.

"Wee Manka," alisema, "nani amekufundisha kumwita mama yako hivyo?"

"Bibi!" nikajibu kwa furaha. "Ndilo jina lake la kwa Bibi!"

Kambi nzima ikamgeukia Bibi. Na Bibi, maskini, alikuwa na mkungu kichwani. Hakuweza kuinama, hakuweza kutazama chini, hakuweza kugeuza shingo. Alibaki amesimama katikati ya uwanja, uso wake umewekwa wazi juani kwa kila mtu kuutazama, jasho likishuka.

Kutoka ndani ilikuja sauti ya Mama, nyembamba, kama imetoka chini ya mablanketi mengi.

"Manka, mkaribishe Bibi. Mwambie Chasaka yupo ndani." Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Shikamoo, Mama."

Tuliisubiri ile marahaba. Nimewahi kusubiri matokeo ya mitihani na majibu ya hospitali, lakini sikumbuki kusubiri kama kule.

"Marahaba," alisema Bibi. Ilikuwa ndogo kuliko marahaba zote alizowahi kunipa mimi. Akapinda magoti ili mkungu upite mlangoni, akaingia.

Ningependa kusema walikumbatiana. Bibi alinawa mikono, akamtazama mtoto, akatangaza kuwa masikio ni ya kwao Uru, akaanza kupika. Mtori wake ulikuwa mtori. Nyama ilichemka mpaka ikajisahau, ndizi zikapondwa, maziwa yakatiwa, upekecho ukazunguka katikati ya viganja vyake mpaka chungu kikatoa sauti ya kuridhika. Mama alikunywa, rangi ikaanza kumrudia. Lakini hawakuongea. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda hatua chache kutoka kwenye jiko, na wote wawili walipitia kwangu.

"Mwambie anywe ikiwa moto."

"Mama, Bibi anasema unywe ikiwa moto."

"Mwambie nimekunywa, asante."

"Bibi, Mama anasema amekunywa, asante."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Nilifikiri hiyo nayo ni sehemu ya mapenzi yao.

Kilichomshinda Bibi ni joto. Mlimani mkungu ungekaa jikoni ukimsubiri mpishi. Bondeni ndizi zilianza kubadilika rangi kama zimetumwa. Nyama ilikwisha, na bucha la kambi lilikuwa na ndoano tupu na mwenye bucha aliyelala. Asubuhi moja Bibi alimenya ndizi zilizobaki, zimekuwa laini, zina madoa. Akazichemsha hivyo hivyo na mfupa uliokuwa umeshachemshwa. Kilichotoka kilikuwa maji ya njano yenye utamu wa ajabu. Alipekecha, kikabaki maji. Akapekecha tena. Akachota, akaonja, na akakaa nacho mdomoni.

Mama alikuwa anamtazama kutoka kitandani. Sasa najua alikuwa anatazama nini. Alikuwa anamtazama mtu aliyekaa na mtori mdomoni, hajui ameze au afanyeje. Asubuhi ile ilikuwa yake kabisa. Angeweza kucheka, au hata kunyamaza tu, ingetosha. Badala yake aliweka mtoto pembeni, akashika ukuta, akasimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona amesimama tangu nirudi. Alikwenda kwenye kabati, akashusha kopo.

"Mama," alisema, moja kwa moja, bila kupitia kwangu. "Nina unga hapa."

Bibi alimeza. "Unga wa nini?"

"Wa porini."

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni katikati yao, na nakumbuka nilitazama miguu yao, kwa sababu nyuso zilikuwa mbali. Miguu ya Bibi ilikuwa na mipasuko ya udongo mwekundu. Ya Mama ilikuwa imevimba. Iliyosogea ni ya Bibi. Ilisogea pembeni ya jiko, nusu hatua, nafasi ya mtu mwingine kusimama.

Mama alitia chumvi kuua ule utamu. Akatia unga wa mlenda, kidogo kidogo, akapokea upekecho mkononi mwa Bibi bila kuuomba. Nadhani pale ndipo kila mmoja aligundua kitu kuhusu mwenzake, kwamba chombo ni kile kile. Bibi alipekecha ndizi maisha yake yote, Mama alipekecha majani maisha yake yote, na mikono ilizunguka vile vile. Chungu kikaanza kushikana. Mama akamalizia na karanga zilizotwangwa, akampa Bibi kijiko.

Bibi alikiinua. Uzi ukaning'inia.

"Inateleza," alisema.

"Ndiyo kazi yake, Mama. Mgonjwa hasumbuki kumeza."

Bibi alionja. Alionja tena. Alitazama dirishani, upande wa mlima, kama anayehakikisha hakuna anayemwona.

"Hizo ni karanga umetia?"

"Ni karanga."

"Tia tena," alisema Bibi.

Tulikula wote, mzazi na mama mkwe wake na mimi. Nilipoulizwa na Mama Petro tumekula nini, nilimjibu kwa uhakika wa mtaalamu: mtori wa Chasaka. Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Nilimwona Bibi nyuma yake, amesikia pia. Hakuna aliyenisahihisha.

Bibi hakuomba radhi, siku hiyo wala nyingine. Aliondoka na unga kidogo amefunga kwenye pindo la kanga, akidai ni wa kumwonyesha jirani. Kuanzia hapo aliniuliza habari za "mama yako", na mimi nilisikitika, nikidhani urafiki umepoa. Ilinichukua miaka, na matusi ya watoto wengine shuleni, kujua nilichopiga kelele siku ile mbele ya kambi nzima. Nilipojua nilitaka ardhi inimeze. Nilimkimbilia Mama. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Ulisema kwa furaha," alinijibu. "Yeye alisema kwa hasira. Mimi nikachagua la kwako." Kisha akauliza kama leo apike chasaka au maharage.

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Nyumbani kwetu neno lile lilikuwa chakula. "Chasaka imebaki?" "Nani amemaliza chasaka?" Kulikuwa na chasaka ya siku za kawaida, isiyo na nyama, na chasaka ya Krismasi, yenye nyama.

Nilipofika chuo kikuu nilisoma kwamba mgomba wenyewe haukuota Kilimanjaro. Ulitoka Asia, mbali kabisa, ukavuka maji na nyika mpaka ukafika mlimani na kujifanya mwenyeji. Mahindi na maharage nayo yalitoka upande wa pili wa dunia. Kwa maneno mengine, kwenye chungu cha Bibi karibu kila kitu kilikuwa chasaka. Nikampelekea habari hizi likizo, nikiwa na kile kiburi cha mwaka wa kwanza ambacho bado sijapona vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko Asia wanapika mtori?"

"Hapana, Bibi."

"Haya basi," alisema, akarudi kwenye kahawa yake.

Alizeeka akiwa wima, kisha siku moja akalala na hakusimama tena. Meno yalikuwa yamekwisha, na chakula alikikataa. Mama miaka hiyo yote alipanda Uru kwa misiba na harusi, akakaa na wanawake, akamenya alichopewa amenye. Jikoni kwa Bibi hakuwahi kupika tangu ile mara ya kwanza. Hakukatazwa. Hakuambiwa apike, naye alijua kusubiri.

Mdogo wangu, yule aliyezaliwa na masikio ya Uru, ndiye aliyeshuka na ujumbe. Tulikuwa uani na Mama, tunatwanga karanga.

"Bibi hali kitu," alisema. "Ila leo ameongea. Amesema upande Uru, Mama."

"Amesemaje?"

"Amesema, chasaka."

Mchi ukasimama. Sijawahi kuuona uso wa Mama ukizeeka haraka namna ile. Miaka yote ile, na kumbe neno lilikuwa bado liko palepale, limekaa linasubiri.

"Amemwita nani hivyo?" aliuliza.

"Hajamwita mtu, Mama," mdogo wangu alisema, akishangaa kwa nini tunamtazama hivyo. "Ni chakula anataka. Amesema, mwambieni mama yenu aniletee chasaka, hivi vya hapa vinanikwama."

Mama alimfanya arudie. Akarudia: mama yenu aniletee chasaka. Mama alikaa chini kando ya kinu, akashika kanga yake usoni, na mabega yakaanza kutikisika, na ilituchukua muda kujua kwamba anacheka.

Tulipanda wote. Bibi alilala chumba cha mbele, mlango wazi, akiangalia migomba. Mama alimsalimia, akachukua kisu ukutani, akaingia kihambani. Aliupita ule mgomba wa karibu na mlango, mnene, unaopendeza. Alikwenda mbele zaidi, akagusa mmoja, akauacha, akakata mshare. Nilimwona Bibi anamfuata kwa macho mpaka mkungu ulipofika jikoni salama, ndipo akayafumba. Alikula bakuli zima. Alipomaliza alisema neno moja tu, aika, yaani asante kwa lugha ya kwao, na Mama akalijibu kwa Kichagga kibaya sana, na Bibi akamsahihisha.

Haya yote yalinipita nikiwa nimekaa mezani kwa Bi Clotilde na kijiko nimekiweka chini. Nilikichukua tena. Nilikula bakuli lile, nikaomba la pili, nikamwomba na kile kikopo. Yule aliyenisogezea mkate akaurudisha upande wake.

"Kwenu mna kitu kama hiki?" Bi Clotilde aliuliza, amefurahi.

"Tunacho."

"Mnakiitaje?"

"Chasaka."

Alilijaribu neno mdomoni mara mbili tatu, akalipenda. Akauliza maana yake nini. Nina shahada za kutosha katika mambo ya maneno, asili yake na safari zake, na mchana ule ule nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya hayo hayo. Niliinua kijiko, nikangoja uzi ukatike.

"Ni aina ya mchuzi," nikamjibu.